Uzito wa Gogo Ukadiriwe Kabla ya Kuliinua

Katika Milima ya Taita, kuanzia Wundanyi hata miteremko iitazamayo Voi, gogo la mkaratusi lililodhaniwa kuwa jepesi laweza kumvunja mtu mgongo. Yafaa basi likadiriwe kwanza. Mkaratusi mbichi una uzito karibu sawa na wa maji: mita moja ya ujazo ni kilo 1,000 hivi. Gogo lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 20 lina kilo 95 hivi. Kipenyo kikiwa sentimita 40, wengi hudhani kuwa uzito ni mara mbili; sivyo, ni mara nne, yaani kilo 380. Gogo kama hilo lisibebwe mabegani. Likatwe vipande vifupi, au lisogezwe kwa mtaimbo, wala mtu awaye yote asisimame upande wa chini.