Diski Yenye Homa: Joto Likishuka, Ugonjwa Bado Uko



Mtoto akishikwa na homa usiku, mama humpa parasetamoli. Homa inashuka, mtoto analala. Lakini kama ni malaria, vijidudu bado viko ndani ya damu, na asubuhi ni lazima mtoto apimwe. Homa ni alama tu. Kwa kompyuta ni vilevile.

Katika dispensari moja nilimofanya kazi zamani, kompyuta ilianza kupata joto kali na kulia ta-ta-ta. Tuliiwekea ventilatere mbele yake, ikapoa, tukafurahi. Baada ya siku chache ilikataa kufunguka. Fishi za wagonjwa za miaka mingi zikapotea, na ndani yake vipimo vya masikio na mapafu ya wachimbaji. Mganga anayetazama mapafu yako leo anataka kuyalinganisha na ya zamani, ajue kama vumbi la mawe limeendelea kuyaharibu. Ya zamani yakipotea, atalinganisha na nini?

Diski ngumu ni kisanduku chenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusoma kinaelea juu ya sahani bila kuigusa, karibu mno kuliko unene wa unywele. Kikigusa, sahani inakwaruzika, na yaliyoandikwa pale hayarudi.

Joto linatoka wapi? Vumbi la Kipushi, hasa miezi isiyo na mvua, linaziba matundu na ventilatere ndogo ya ndani. Kompyuta iliyowekwa juu ya blanketi nayo haipumui. Diski nyingi zinavumilia hadi digrii 60, lakini ni vizuri zikae chini ya 45.

Hata hivyo, joto si adui peke yake. Mwaka 2007, wataalamu wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba joto halikuua diski kwa kadiri watu walivyofikiri. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la kusoma sahani ndiyo ilikuwa na hatari: uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 kuliko ile isiyo na kosa. Tena diski nyingi zilikufa bila kuonya.

Basi, fanya hivi, kwa kufuatana:

1. Nakili kwanza. Kabla ya kusafisha wala kupima, weka kwenye diski nyingine vyeti vya watoto, karatasi za kazi na picha za wazee waliofariki. Anza na vile usivyoweza kuvipata tena. Ikiwa inalia ta-ta-ta, izime, usiiwashe mara kwa mara, ipeleke kwa fundi.

2. Safisha. Zima, chomoa umeme, toka nje, funika pua, ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Watoto wakae mbali.

3. Pima. Mwambie fundi asome hesabu tatu ambazo diski inajiandikia: joto, vipande vibovu vilivyokwisha kubadilishwa, na vipande vinavyosubiri. Hizi mbili za mwisho zikiongezeka, badilisha diski, hata ikiwa baridi.

4. Usiifungue, usiipige, usiitie katika friji. Unyevu wa friji unaingia ndani na kuimaliza.

Ikiwa imepoa baada ya kusafishwa na hesabu hazipandi, endelea kuitumia, lakini nakili kila juma.

Mchimbaji hangoji jiwe lianguke ndipo avae kofia. Nakala ni kofia ya karatasi zako. Baba, mama, leo jioni ulizeni nyumbani: kompyuta yetu ikifa usiku huu, tutapoteza nini?

Usalama kwanza!