Ukidai deni au shamba kortini, usisubiri kupewa wakili

MFUGAJI aliyepeleka maziwa miezi minne bila kulipwa hufika kortini na daftari lake chini ya kwapa. Mnunuzi ameketi upande wa pili pamoja na wakili. Mfugaji humwangalia hakimu akitarajia naye atapewa wakili wake, kwani amesikia kwamba maskini hupewa wakili na serikali.

Ni kweli, ila katika kesi za jinai. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali iwapo kumkosa kutasababisha dhuluma kubwa. Anayedai deni, fidia au mpaka wa shamba hakutajwa hapo. Hakimu anaweza kumweleza utaratibu, lakini hawezi kumtungia hoja wala kumtafutia ushahidi.

Nchini India, ambako kanuni zetu za kesi za madai zilichotwa enzi za ukoloni, mambo yamesogea. Mwaka wa 1976 iliongezwa kanuni inayoiruhusu korti kumteulia wakili maskini aliyekubaliwa kushtaki bila ada. Hapa Kenya, Amri ya 33 ya Kanuni za Kesi za Madai inamwondolea maskini ada ya kufungua kesi, baada ya kuorodhesha mali yake yote na thamani yake. Suala la wakili linabaki shingoni mwake.

Mlango uliopo ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Msaada huo unahusu pia kesi za madai. Mjane anayenyang'anywa shamba, kwa mfano, anaweza kuomba. Lazima apeleke ombi mwenyewe na aonyeshe kwamba hana uwezo. Anayekaa kimya kortini hatafuatwa.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapokwama. Sheria hiyo inakataa waziwazi kugharimia kesi za kudai madeni, za kodi, za kufilisika na za kuharibiana jina. Kampuni na mashirika hayasaidiwi kabisa. Kwa muuza mahindi au nyanya deni ndilo ugonjwa wa kila msimu, na ndilo lililoachwa nje. Huenda waliotunga sheria walimfikiria mkopeshaji tajiri, wakamsahau mkulima anayedai Sh60,000 za magunia yake.

Afueni yake iko kwingine. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 kisha ikaenea miji mingine, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni: bidhaa zilizouzwa na hazikulipwa, kazi iliyofanywa, mali iliyoharibiwa. Kesi yafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mdai hujieleza mwenyewe, kwa Kiswahili akitaka, na mwamuzi habanwi na kanuni ngumu za ushahidi. Mizozo ya umiliki wa ardhi haipelekwi huko.

Lakini hata kwa mwamuzi mpole, daftari lililoandikwa na mdai peke yake ni ushahidi dhaifu. Saini ya mpokeaji kila anapopokea maziwa, ujumbe wa simu unaokiri deni, rekodi ya M-Pesa ya malipo ya awali na barua ya kudai yenye tarehe hufanya kazi ambayo mfugaji angemwachia wakili. Na ni vyema vikusanywe kabla ya kwenda kortini. Anayeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria pekee, kwa hivyo karatasi iliyosahaulika nyumbani haitamfaa huko.

Muda nao unahesabiwa. Deni la mkataba lina miaka sita tangu kukiukwa, fidia ya mali iliyoharibiwa miaka mitatu, shamba miaka 12. Mnunuzi anayeahidi "mwezi ujao" kila mwezi huenda anaijua hesabu hiyo.