Kwaya Katikati ya Magofu

Leo nataka tuzungumze habari za mwalimu mmoja wa kwaya, jina lake Rudolf Mauersberger. Alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Mauersberg, nchi ya Ujerumani. Huko kupiga kinanda kanisani na kufundisha kwaya ni kazi ambayo mtu huisomea miaka kadhaa, kisha akaajiriwa. Si jambo la kumwachia yeyote aliye na nafasi Jumamosi jioni, kama tufanyavyo sisi mara nyingi! Alisoma Leipzig, akapiga kinanda na kuongoza kwaya huko Aachen, na mwaka 1930 akakabidhiwa kwaya ya wavulana ya Kanisa la Msalaba mjini Dresden, iliyoanza miaka kama 700 kabla yake.

Ndugu zangu, msidhani alikuwa malaika. Mwaka 1933 alijiandikisha katika chama cha Hitler, na jambo hilo halifai kufichwa tunapomsifu.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za vita zikaushambulia mji wa Dresden kwa mabomu ya moto. Walikufa watu wapatao 25,000. Kanisa likaungua, na wavulana 11 wa kwaya wakafa. Mwalimu wao akapona. Ewe uliyewahi kufundisha watoto, hebu fikiri: sauti hizo alizijua moja moja.

Akafanya nini? Katika siku za Ijumaa Kuu na Jumamosi iliyofuata, mwaka huo huo, aliandika wimbo wa kwaya usio na kinanda. Maneno hakuyatunga mwenyewe. Aliyachagua katika kitabu cha Maombolezo, pale nabii anapoutazama mji uliokuwa umejaa watu, nao sasa umekaa ukiwa. Wengine wetu hudhani kwamba Mkristo aliyefiwa hana budi kuimba nyimbo za furaha tu, ili watu wasiseme imani yake imepungua. Mauersberger hakufanya hivyo. Wimbo wake unamwuliza Mungu waziwazi kwa nini amewasahau watu wake. Mwisho wake ni ombi tu, kwamba Bwana ayatazame mateso haya. Jibu halikuandikwa.

Tarehe 4 Agosti 1945, siku ya Jumamosi, wavulana waliosalia walikusanyika ndani ya kuta zilizoungua za kanisa lao wakauimba kwa mara ya kwanza.

Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 1955. Mauersberger aliendelea kuwafundisha wavulana hao, kizazi baada ya kizazi, mpaka alipofariki tarehe 22 Februari 1971, akiwa bado kazini.