Diski Isiyotaka Kuimba

Tuseme kijana aliye kazini Kolwezi amewatumia wazazi wake, kule Kisenge, diski ya harusi ya dada yake. Bibi hakuweza kusafiri, maana magoti yake yamechoka. Basi jioni majirani wamealikwa, viti vimepangwa, na mafuta ya jenereta yamenunuliwa kwa taabu. Baba anaitia diski katika lekteri. Lekteri inanguruma kidogo, inanyamaza, kisha yatokea maandishi kwamba hakuna diski ndani. Baba anaitoa, anaipangusa kwa shati, anairudisha. Maandishi ni yale yale. Bibi anauliza, “Sasa mjukuu wangu ametuletea nini?” Kijana anapigiwa simu, naye anaapa kwamba kwenye kompyuta yake harusi yote yaonekana vizuri. Baba anaona mwana amefanya mzaha. Mwana anaona lekteri ya baba imekufa. Nani mwenye kosa?

Twajibu: mara nyingi hapana mwongo kati yao, wala lekteri haijafa. Diski iliyochomwa nyumbani ni kama barua. Haitoshi kuandikwa, yapasa kuandikwa kwa namna ambayo mpokeaji aweza kuisoma. Kompyuta ni msomi wa lugha nyingi. Lekteri ya sebuleni, hasa ya zamani, ni mzee ajuaye lugha moja au mbili tu. Amwandikiaye mzee huyo amfikirie yeye kwanza.

Tuone kwanza kwa nini diski ya dukani huimba pasipo shida. Diski za CD zilianza kuuzwa mwaka 1982, na za DVD mwaka 1996. Kiwandani plastiki hugandamizwa kwa mhuri, ikapata vishimo vidogo mno, kisha hufunikwa kwa utando wa madini unaong’aa. Mwanga wa leza huvipitia vishimo hivyo, na chombo hutambua mabadiliko ya mwanga unaorudi. Diski tupu tununuayo sokoni haina vishimo vya namna hiyo. Ndani yake mna rangi nyembamba. Leza ya kompyuta huiunguza hapa na pale, na alama hizo zashika mahali pa vishimo. Ndiyo maana watu husema “kuchoma” diski. Lakini si diski zote zirudishazo mwanga sawasawa. CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 au zaidi. CD-RW, ile inayofutika na kuandikwa tena, hurudisha kama robo tu au pungufu. Jicho la lekteri ya zamani halioni katika giza la namna hiyo.

Basi, kabla ya kuifungua lekteri kwa bisibisi au kuiuza kwa bei ya chuma, jaribuni hivi. Tieni ndani yake diski ya dukani iliyo safi. Ikiimba, lekteri ni nzima. Tafuteni kosa katika diski ile nyingine. Isipoimba hata hiyo, yamkini jicho la leza limeingia vumbi, nasi wa barabara za udongo mwekundu twalijua vumbi. Hapo kazi ni ya fundi.

Kosa likiwa katika diski, tazameni mambo manne.

La kwanza ni aina. DVD haitaimba kamwe katika radio iliyotengenezwa kwa CD peke yake, ingawa kwa macho zafanana. Tena ziko DVD-R na DVD+R, na lekteri nyingine hukubali moja ikakataa ya pili. Someni maandishi yaliyo juu ya lekteri au katika kitabu chake, ndipo mnunue diski.

La pili ni namna ya kuandika. Nyimbo za MP3 zikinakiliwa tu kama faili, lekteri ya zamani haizitambui. Kwa lekteri hiyo yapasa kuchagua katika programu “CD ya muziki”, nayo huchukua dakika 80 tu. Vivyo hivyo filamu: faili iliyotoka katika simu haitoshi kutupwa ndani ya diski. Programu yapasa kuigeuza iwe DVD ya video, yenye folda iitwayo VIDEO_TS, kwa kuwa ndiyo lekteri iitafutayo.

La tatu ni kuifunga diski. Watu wa Kisenge hawahitaji mfano wa mbali. Mwaka 1975 njia ya reli ya Benguela ilipofungwa kwa vita vya Angola, manganizi ilibaki imelundikana. Mali ilikuwapo, njia ya kuifikisha baharini haikuwapo. Diski isiyofungwa ni hivyo hivyo. Picha zimo, lakini orodha ya mwisho inayomwonyesha msomaji mahali pa kuanzia haijaandikwa. Kompyuta iliyoichoma huweza kuipapasa, lekteri haiwezi. Mara nyingi yatosha kuirudisha kwenye kompyuta ile ile na kuifunga.

La nne ni mwendo. Haraka haraka haina baraka. Ukichoma kwa mwendo wa juu kabisa, hasa katika diski ya bei ya chini, alama huwa hafifu. Chagua mwendo wa chini, usiiguse kompyuta kwa kazi nyingine, wala usianze kazi hiyo umeme unapoyumba.

Tena, diski isipanguswe kwa kuzungusha. Tumieni kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Msibandike karatasi juu yake, maana huifanya iyumbe ikizunguka. Msiandike kwa kalamu yenye ncha kali: katika CD, alama ziko karibu na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu, na mkwaruzo wa huko hauponi.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Rangi ile iliyounguzwa hufifia kwa jua na joto. Pengine nyumbani kwenu iko diski moja yenye sauti ya babu aliyekwisha kufariki, nayo imelala dirishani. Leo bado yafunguka kwenye kompyuta. Kesho labda haitafunguka. Tena kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata mlango wa kutilia diski. Inakilini sasa, mara mbili, na nakala hizo zikae katika nyumba mbili.

Na yule kijana wa Kolwezi? Asikasirike, wala baba asikasirike. Aulize jina na umri wa lekteri ya nyumbani, achome upya polepole, aifunge diski, aijaribu katika lekteri ya jirani, ndipo aitume. Bibi bado anangoja kumwona bibi arusi.