Tshibumba Kanda-Matulu: Mchoraji wa Lubumbashi Aliyejiita Mwanahistoria

Katika mji wa Lubumbashi nchini Kongo, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na kuitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, uchoraji ulifuata njia mbili. Ya kwanza ilipitia kwa walimu: mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, ambamo walikulia wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Ya pili ilipita mitaani, kwa watu waliojifunza kwa kutazama kazi za wenzao, wakachora juu ya vitambaa vya magunia ya unga vilivyowambwa kwenye fremu za mbao, kisha wakazitembeza picha zao nyumba kwa nyumba kutafuta wanunuzi. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alikuwa mtu wa njia hiyo ya pili.

Shule yake ya kwanza ilikuwa soko. Wafanyakazi wa migodi na makarani wa Katanga, eneo la mji huo, hawakununua picha ili kusifu ufundi wa msanii, bali walitaka kumbusho, yaani picha ya kutundikwa sebuleni ambayo humfanya mwenye nyumba na wageni wake wakumbuke jambo na kulizungumza. Kwa sababu hiyo aina za picha zilijulikana, na kila mchoraji alizirudia. Palikuwa na mamba muntu, kiumbe nusu mwanamke nusu samaki anayeaminika kumpa utajiri yule anayeitunza siri yake. Palikuwa pia na picha iliyoitwa Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji, ambayo ndani yake mfungwa aliyelazwa kifudifudi anachapwa kiboko na askari Mwafrika, huku ofisa Mbelgiji akisimama kando akitazama, na bendera ya Ubelgiji ikipepea juu ya wote. Anayetazama kwa makini huona kwamba mwenye kupiga na mwenye kupigwa ni watu wa nchi moja, na hapo ndipo uchungu wa picha hiyo ulipo.

Msomaji aliyezoea kudhani kwamba msanii wa kweli harudii kazi yake anaweza kuudharau uchoraji wa namna hii, lakini atakuwa amekosea. Kuichora picha ileile mara nyingi kuliuzoesha mkono wa Tshibumba, na zaidi ya hapo kulimpa nafasi ya kujiuliza tukio lililochorwa lilianza wapi na lilifuatwa na nini. Swali hilo ndilo lililomtenga na wenzake, kwa kuwa hakuridhika na picha mojamoja, bali alitaka kuzipanga zisimulie historia ya nchi nzima, naye alijitambulisha waziwazi kuwa mwanahistoria.

Nafasi ya kuitimiza nia hiyo aliipata mwaka 1973, alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa maisha na fikra za jamii, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alimletea picha baada ya picha, kuanzia nyakati za mababu, kupitia utawala wa Wabelgiji na uhuru wa mwaka 1960, hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati wa Rais Mobutu, na kila alipozileta alizieleza kwa Kiswahili cha Katanga, maneno yake yakinaswa kwenye kanda. Picha 101 pamoja na mazungumzo hayo zilichapishwa kitabuni mwaka 1996, na jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu ni nadra kwa mchoraji wa mtaani kuachiwa aeleze kazi yake mwenyewe, kwa urefu na kwa lugha ya watu wake.

Chemchemi za mawazo yake zilikuwa masimulizi ya wazee, magazeti, redio, mafundisho ya shule na ya kanisa. Mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma mjini humo Desemba 1941 yalitokea kabla hajazaliwa, hivyo aliyachora kutokana na yale yaliyosimuliwa na watu. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, naye aliuawa karibu na mji huohuo, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, tarehe 17 Januari 1961, wakati Tshibumba akiwa bado kijana mdogo. Katika picha ya kifo hicho aliweka misalaba mitatu nyuma ya miili, ili mtazamaji aliyelelewa kanisani aifikirie Golgota bila kuambiwa. Hakuna kamera iliyoona misalaba hiyo, na mchoraji alilijua hilo vizuri, kwani alichokuwa akikitafuta ni maana ya kifo kile kwa Wakongo, jambo ambalo tarehe na majina peke yake haviwezi kulibeba.

Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwisho wake haujulikani. Picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa Amsterdam, mbali na sebule ambamo sanaa hiyo ilikusudiwa kukaa. Hata hivyo kizazi kilichofuata hakikumpoteza. Sammy Baloji, mpigapicha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ambaye ameifanya migodi ya Katanga na wafanyakazi wake kuwa kiini cha kazi zake, alishirikiana na mwanaanthropolojia Bambi Ceuppens kuandaa maonyesho ya uchoraji wa mitaani wa Kongo yaliyofunguliwa Brussels mwaka 2016.