Muuguzi na Mgonjwa wa Sonona



Mgonjwa wa homa hushikwa kipaji akajulikana ana moto. Aliyevunjika mguu hufungwa banzi, na kila apitaye humpa pole. Lakini yuko mgonjwa mwingine asiye na joto wala jeraha. Hulala asipate usingizi, au hulala mno asitake kuamka. Chakula hakimpiti kooni. Alichokipenda jana leo hakimfurahishi. Hujiona hana thamani mbele ya Mola wala mbele ya waja. Hali hii ikimshika mtu wiki mbili au zaidi, matabibu huiita sonona, nayo ni maradhi kama maradhi mengine. Sisi majumbani twaiita uvivu, au deko, au udhaifu wa imani. Nami nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa waitao hivyo.

Miaka michache iliyopita mtoto mmoja wa chuoni kwangu, msichana wa miaka 8, alianza kuchelewa, nywele hazikuchanwa, na juzuu ameisahau nyumbani. Nilimkaripia mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Maalim, mama haamki."

Mama yake alikuwa amejifungua miezi mitatu nyuma. Katika siku zake arobaini nyumba ilijaa watu: huyu akimkanda, huyu akimpikia uji wa pilipili manga, bibi akimwogesha mtoto. Arobaini ilipokwisha kila mmoja alirudi kwake, mama akabaki na kuta nne. Mumewe aliniita nikamsomee. Nilisoma na kumwombea dua, wala sijutii kusoma. Ninayoyajutia ni maneno niliyoyaongeza nikiwa mlangoni, ya kwamba ashukuru kwa kupewa mtoto mzima, na kwamba mwenye imani hakati tamaa. Nilisahau, mimi nisomeshaye watoto kisa cha Yusuf, kwamba Nabii Yaakub alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Aliyeyatambua maradhi yale ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Bibi alimpeleka mjukuu kuchanjwa, muuguzi akauliza mama yuko wapi. "Yuko nyumbani, amechoka." Safari ya pili jibu lilikuwa lile lile, naye akataka mama aje mwenyewe. Alipokuja alimketisha chumbani, na mume akaombwa asubiri nje. Mume alichukia, akiona anafichwa siri ya nyumba yake. Walakini yako maneno ambayo mke hayasemi mbele ya mumewe, hata mume akiwa mwema. Muuguzi aliuliza juu ya usingizi, juu ya chakula, na kama mtoto amwona wake au kama wa jirani. Kisha akauliza wazi: je, yamjia mawazo ya kujiua, au ya kumdhuru mtoto?

Mama mwenyewe ndiye aliyenihadithia haya baadaye, na kwa idhini yake nayaandika. Nilishtuka. Nilidhani kuuliza hivyo ni kumfundisha mtu asilolijua, nikamwendea muuguzi kumlaumu.

"Maalim," aliniambia kwa adabu, "wazo lile alikuwa nalo siku nyingi, tena peke yake. Nilipomwuliza ndipo alipopata wa kumsaidia kulibeba."

Na ndivyo wataalamu walivyoona: kumwuliza mgonjwa habari ya kujiua hakumpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Wengi huufunga mlango huo kwa aibu, na pengine kwa kuogopa serikali, kwani katika baadhi ya nchi aliyejaribu kujiua huhesabiwa mhalifu. Nchini Kenya, Mahkama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba sheria hiyo yapingana na Katiba.

Daktari alimwandikia dawa ambayo mwenye kunyonyesha huweza kupewa. Hapo ndipo kazi ya muuguzi ilipokuwa nzito, maana dawa za sonona si kama za kuumwa na kichwa. Aghlabu hupita wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, na kichefuchefu au kukauka kinywa huweza kutangulia nafuu hiyo. Mgonjwa asiyeambiwa hayo huzitupa siku ya kumi. Huyu aliambiwa mapema. Dawa ziliwekwa kwa mume, ampe za siku moja moja, na kila wiki mgonjwa arudi kliniki. Tena mume alionywa jambo nisilolijua: mgonjwa aanzapo kupata nguvu asiachwe bila kuangaliwa, kwani mwili huweza kuamka kabla moyo haujatengemaa, akapata nguvu za kutenda alilokuwa akiliwaza tu. Na akitamka kwamba ataka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Muuguzi hakumwambia "changamka." Alimpa kazi ndogo ndogo: leo oga, kesho keti uani juani robo saa, keshokutwa osha kikombe kimoja. Mama mkwe alicheka, kikombe kimoja! Lakini kilipooshwa, muuguzi aliipokea habari ile kama ya harusi.

Elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, akaona ya pili ina asili katika mwili na yataka tiba ya mwili pia. Twamsifu Rufaida al-Aslamiyya, aliyewauguza majeruhi hemani katika msikiti wa Madina. Huyu muuguzi wa kliniki yetu, mwenye foleni inayofika barabarani, sijasikia akitajwa na mtu.

Mama yule alianza kupata nafuu mwezi wa pili. Majirani walimwambia amekwisha pona, aache vidonge. Kwa amri ya daktari aliendelea navyo miezi mingi. Binti yake bado yuko chuoni kwangu. Siku hizi mwanafunzi akija nywele hazikuchanwa, humwuliza kwanza nyumbani kuna nini.