Sasisho Likipiga Hodi

Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa sasisho dogo la iPhone, iOS 8.0.1. Kazi yake ilikuwa kurekebisha kasoro chache za iOS 8, iliyokuwa na umri wa wiki moja. Wenye iPhone 6 na 6 Plus, simu zilizoingia madukani siku tano tu nyuma, wakalipakua. Simu zikazima, zikawaka, na pale juu panapokaa jina la mtandao pakaandikwa kwamba hakuna huduma. Laini imo, mnara upo, simu haioni kitu. Kitambua alama za vidole nacho kikagoma. Ilipita kama saa moja hivi Apple ikaliondoa sasisho hilo, na kesho yake ikatoa 8.0.2 pamoja na kuomba radhi. Kampuni ilisema simu zilizopata mkasa huo hazikufika 40,000.

Hizo ni chache mno kwa kampuni inayouza simu kwa mamilioni, na sababu ya uchache wake ni ya kawaida kabisa: watu wengi walikuwa hawajabonyeza kitufe. Walikuwa kazini, wamelala, au bando limekwisha. Ushauri wa mafundi wengi wa simu, kwamba usiapdeti mpaka wenzako waapdeti, unatokana na visa vya namna hii, na una ukweli ndani yake. Shida ni kwamba hausemi usubiri mpaka lini, na wengi huuelewa kuwa ni milele.

Swali la "mpaka lini" lilishapigiwa hesabu. Mwaka 2002 Steve Beattie na wenzake, wakiwemo Crispin Cowan na Adam Shostack, walichunguza historia ya viraka vya usalama vya kompyuta za mtandaoni, wakachora mistari miwili. Wa kwanza ni hatari ya kiraka chenyewe kuwa kibovu: siku ya kwanza iko juu, kisha inashuka kadiri watu wengine wanavyokitumia na kulalamika. Wa pili ni hatari ya kuvamiwa kwa sababu hujaweka kiraka, nao unapanda kila siku. Mahali mistari inapokutana ndipo pa kuchukua hatua. Kwa takwimu zao palikuwa mahali pawili, siku ya 10 na siku ya 30 baada ya kiraka kutoka. Mimi nambari hizo nisingezishikilia leo, maana zilihusu seva, tena katika zama ambazo wavamizi walikuwa wakijivuta kuliko sasa. Lakini mistari yenyewe haijabadili mwelekeo: mmoja unashuka, mwingine unapanda, na anayesubiri milele ametazama ule wa kwanza peke yake.

Kwa nini kampuni yenye fedha za kujaza bahari haiwezi kukamata kasoro zote kabla ya kutoa sasisho? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lina zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1984 Edward Adams wa IBM alichapisha utafiti kuhusu kasoro za programu kubwa za kampuni hiyo. Alikuta kwamba karibu theluthi moja ya kasoro hizo ni adimu kiasi kwamba mashine moja ingekutana na kila moja, kwa wastani, mara moja katika miaka 5,000. Kasoro chache sana, kama asilimia 2 hivi, ndizo zilizokuwa zikiwasumbua wateja mara kwa mara. Na kwa kuwa kila marekebisho yanaweza kuzaa kasoro mpya, Adams aliona kwamba kumwekea mteja kila rekebisho kwa kujihami kunaweza kumletea hasara kuliko faida.

Sasa ihamishe hesabu hiyo kwenye simu. Miaka 5,000 ni siku zipatazo milioni 1.8. Simu milioni mbili zikiwa mikononi mwa watu, kasoro ya miaka 5,000 inampata mtu mmoja kila siku. Mjaribuji aliye ofisini na simu zake mia tano ataisubiri, kwa wastani, miaka kumi. Wateja wataiona wiki ya kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Android 14. Google iliitoa tarehe 4 Oktoba 2023, na kwa wengi ilienda vizuri. Waliopatwa ni wenye Pixel 6 na zilizofuata ambao walikuwa wameweka watumiaji zaidi ya mmoja kwenye simu moja: mzazi aliyemtengea mtoto sehemu yake, kwa mfano. Baada ya kusasisha, simu ikashindwa kuifikia hifadhi yake yenyewe. Picha zimo ndani, lakini simu inadai haina nafasi, kamera haipigi, programu hazifunguki. Nyingine zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Marekebisho yalikuja Novemba, ila kwa hizo zilizokwama katika kuwaka na kuzima, Google ilisema tu kwamba inatafuta njia ya kuokoa angalau sehemu ya data. Mtu mwenye simu ileile, toleo lilelile, asiyekuwa na mtumiaji wa pili, hakujua hata kwamba kuna tatizo.

Kampuni zenyewe zinalijua hili na zinapanga foleni. Mwaka 2022 Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe kwamba sasisho jipya hufunguliwa kwanza kwa wanaolifuata wenyewe kwenye mipangilio, na baada ya wiki 1 hadi 4 ndipo linasukumwa kwa simu zilizoachiwa zijisasishe. Maana yake, aliyeweka kujisasisha kiotomatiki tayari anasubiri bila kujua. Na yule anayebonyeza kitufe jioni ileile ya tangazo amejitolea kuwa mjaribuji, bila mshahara. Sisi wengine tunamshukuru.

Mstari wa pili wa akina Beattie, ule unaopanda, ndio watu wasiouona, kwa sababu hauleti kelele. Mwaka 2015 mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alionyesha udhaifu katika sehemu ya Android inayoshughulikia video, sehemu iitwayo Stagefright. Mvamizi alihitaji namba yako ya simu tu. Angekutumia ujumbe wa picha na sauti, na simu ingeanza kuuandaa kabla hujaugusa. Mshtuko wa jambo hilo ndio uliozifanya Google na Samsung zianze kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Kiraka nacho kina ubaya wake: kinamfundisha adui. Mwaka 2008 David Brumley na wenzake walionyesha kwamba ukilinganisha programu kabla na baada ya kurekebishwa, kompyuta inaweza kuligundua tundu lililozibwa na kutengeneza yenyewe shambulio, wakati mwingine kwa dakika chache. Kwa hiyo siku kiraka kinapotoka ndiyo siku ambayo asiyekiweka anakuwa katika hatari kubwa kuliko jana yake. Jana tundu lilijulikana na wachache. Leo limechorewa ramani.

Kuna watu ambao kwao hakuna grafu ya kuchora. Septemba 2021 watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walieleza jinsi programu ya ujasusi ya Pegasus ilivyoingia kwenye simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia kupitia faili lililojifanya picha ya GIF. Hakubonyeza chochote. Apple ilitoa iOS 14.8 tarehe 13 mwezi huohuo kuziba njia hiyo. Mwandishi wa habari za uchunguzi, wakili wa kesi nzito au mwanasiasa wa upinzani akiniuliza kama asubiri, nitamwambia asiimalize chai yake kabla ya kusasisha.

Kwa wengine wote, jambo la kutenganisha ni aina ya sasisho. Kiraka cha usalama ni kuziba bati linalovuja. Toleo kubwa, kutoka Android 14 kwenda 15 kwa mfano, ni kuhamia nyumba nyingine na vyombo vyote. Kuchelewesha uhamisho kwa wiki tatu nne hakuna ubaya. Kuacha bati livuje ni jambo jingine. Kwenye Android tofauti unaweza kuiona mwenyewe: ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, utakuta toleo la Android na, pembeni yake, tarehe ya kiraka cha usalama. Tarehe hiyo ndiyo ya kuitazama kuliko namba ya toleo. Simu ya toleo la zamani yenye kiraka cha mwezi uliopita iko salama kuliko ya toleo jipya iliyosahauliwa mwaka mzima.

Lakini watengenezaji hawatuachii kuchagua hivyo siku zote. Mwaka 2021, iOS 15 ilipotoka, Apple iliwaruhusu watu wabaki iOS 14 huku wakipata viraka, nikadhani ustaarabu umefika. Oktoba ikaja 14.8.1, kufikia Januari 2022 mlango ukafungwa, na kampuni ikasema ilikuwa ruhusa ya muda tu. Kwa simu za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, kiraka na toleo kubwa mara nyingine huja katika furushi moja, na furushi lenyewe huja kwa nadra. Hapo mtengenezaji ameshasubiri kwa niaba yako, na kupita kiasi. Likifika, sina sababu ya kukuambia uliache zaidi ya wiki chache.

Na siku hizo zihesabiwe kuanzia sasisho lilipoifikia simu ya aina yako, si siku Google ilipotangaza toleo. Tecno huweka HiOS juu ya Android, Infinix huweka XOS, na kila tabaka linaloongezwa linaanza majaribio upya. Android 11 ilitoka Septemba 2020. Ilipoifikia Xiaomi Mi A3, mwanzoni mwa Januari 2021, ilikuwa na karibu miezi minne mikononi mwa watu, na bado iliziua simu hizo: haziwaki, hazipokei chaji. Xiaomi ilikubali kuzitengeneza bila malipo.

Vipi kuhusu lile lalamiko la kwamba ukiapdeti simu inakuwa nzito? Lina asili ya kweli. Januari 2017 iOS 10.2.1 ilianza kupunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Betri ya lithiamu ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda, na simu ikidai umeme mwingi kwa ghafla volteji huanguka na simu huzima. Apple ikaona afadhali iende taratibu kuliko izime. Haikuwaambia wenye simu waziwazi. Desemba mwaka huo John Poole wa Primate Labs alichapisha grafu za vipimo vya kasi, kampuni ikakiri, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Hata hivyo uzito wa siku mbili tatu za kwanza ni jambo tofauti kabisa: simu inaziandaa upya programu zako kwa mfumo mpya na kupanga upya faharasa ya picha, kwa hiyo inapata moto na kula chaji. Usiihukumu kabla ya wiki kwisha.

Kurudi nyuma ndiko kugumu. Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani wiki chache baada ya jipya kutoka, na ikishaacha, iPhone haikubali kulirudisha. Android 13 ilipoingia kwenye Pixel 6 Agosti 2022, iliweka kizuizi cha makusudi cha kutorudi 12, kwa sababu 12 ilikuwa na udhaifu wa usalama. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 7 la mwaka 2016, zinaweza kuwa na nafasi mbili za mfumo: mpya unaandikwa kwenye nafasi isiyotumika, na ukishindwa kuwaka simu inarudi kwenye ule wa zamani. Utaratibu mzuri, ila unamwokoa mwenye simu isiyowaka. Simu inayowaka vizuri halafu haioni mnara, kama zile za 2014, haitajiona kuwa ina ugonjwa.

Wakala wa M-Pesa, au muuza duka anayepokea malipo kwa simu, anahitaji uangalifu wa ziada hapo. Bakapu ifanyike kwanza, sasisho lifanyike usiku baada ya kufunga hesabu, na lisifanyike mwisho wa mwezi watu wanapopanga foleni kutoa pesa. Menyu ya M-Pesa ya Tanzania, *150*00#, haihitaji mfumo mpya wala intaneti. Inahitaji laini na mtandao wa simu tu, kwa hiyo kitochi chenye chaji kinatosha kumaliza siku. Vitochi vingi hupokea laini ya saizi ya zamani, na laini ya simu janja ikichomekwa humo peke yake hucheza na kukataa kusoma, kwa hiyo kifremu cha plastiki ilikokatwa laini hiyo kisitupwe. Aliyehamia eSIM hana cha kuchomoa, na kwake wiki tatu za kusubiri ni chache.